Shimo Asilolijua Hata Aliyelichimba

Mtu akitaja michezo ya kompyuta, wengi wetu humwona kijana aliyekodoa macho, vidole vikikimbia juu ya vitufe, risasi zikilia na magari yakipinduka. Wiki hii nawaomba tuziache kelele hizo. Nataka tuzungumze juu ya mchezo usio na picha, usio na muziki, wala haraka ya aina yoyote, ambao tangu mwaka 1980 umewaua wachezaji wake mara zisizohesabika, na kila mmoja wao akafa akiwa na muda wote wa kufikiri. Mchezo huo unaitwa Rogue, yaani laghai.

Ulibuniwa na vijana wawili, Michael Toy na Glenn Wichman, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Marekani. Wakati huo kompyuta zilikuwa mitambo mikubwa ya vyuo, na wanafunzi waliitumia kwa pamoja, kila mmoja akikaa mbele ya kioo chake na kibodi chake. Mchezo uliokuwa umewateka ulikuwa Adventure, ulioanzishwa na Will Crowther, mtu aliyependa kutambaa ndani ya mapango ya kweli, kisha ukapanuliwa na Don Woods mwaka 1977. Katika Adventure unaandika maneno: nenda kaskazini, chukua taa. Mashine nayo inakujibu kwa maneno. Mchezo mtamu, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ukishayafumbua mafumbo yake, basi, umekwisha kama kitendawili kilichokwisha teguliwa. Na mtungaji mwenyewe hali yake ni mbaya zaidi, kwani hawezi kuucheza hata mara moja. Nani ataona raha ya kutafuta hazina aliyoificha yeye mwenyewe?

Hapo ndipo fikra ya vijana hawa ilipoanzia. Walitaka mchezo utakaowashtua wao wenyewe. Kwa hiyo hawakuchora shimo. Waliifundisha mashine kuchimba.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Kioo cha siku zile kilikuwa na nafasi ya herufi 80 kwa upana na mistari 24 kwa kimo. Toy alipohamia Berkeley alikutana na Ken Arnold, mtunzi wa programu iliyowezesha kuweka herufi mahali popote katika kioo bila kukiandika chote upya. Programu hiyo iliitwa curses, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya laana, na wachezaji wengi wa Rogue wangesema limefaa. Arnold akajiunga nao. Katika kila ghorofa ya shimo, mashine hugawa kioo katika sehemu tisa, tatu kwa tatu, huweka vyumba vya ukubwa wa kubahatisha, kisha huviunganisha kwa vijia. Kuta ni vistari, sakafu ni nukta, mlango ni alama ya kujumlisha. Wewe mchezaji ni alama ya @. Madubwana ni herufi kubwa, kuanzia A hadi Z: B ni popo, D ni joka linalotema moto. Ukiingia ghorofa mpya huoni kitu ila mahali ulipo. Ramani hujichora kadiri unavyotembea.

Sasa mwendo wake. Waliozoea kukaa kibarazani jioni wataelewa upesi kwa mfano wa bao. Katika bao, mwenzako hawezi kugusa kete mpaka wewe umalize zamu yako, hata ukiinamia mashimo yale 32 mpaka mtoto wa jirani achoke kutazama. Rogue ni hivyo hivyo. Unabonyeza kitufe kimoja, unasogea nukta moja, na dubwana nalo linasogea. Usipobonyeza, dunia yote imesimama. Unaweza kwenda kunywa chai ukirudi ukalikuta joka limekungoja na mdomo wazi.

Kwa sababu hiyo ushindi haumo katika wepesi wa vidole. Chukua mfano huu. Maadui wawili wakikukuta katikati ya chumba, kila unapopiga pigo moja unapokea mawili. Lakini ukirudi nyuma hatua tano ukaingia katika kijia chembamba, ni mmoja tu anayeweza kukufikia, na mwenzake atasubiri foleni. Hatua tano hizo ndizo tofauti ya uhai na kifo, na mtu hujifunza kuzihesabu kabla hajauona ubaya wenyewe.

Mtu mwerevu atauliza: kama hakuna haraka, kwa nini nisikae pembeni nipumzike mpaka majeraha yapone, ndipo nishuke nikiwa mzima? Swali zuri, na wabunifu walilijibu kwa kitu kinachoeleweka na kila mwenye familia. Walitia njaa. Chakula kimoja hutosha hatua 1300 hivi. Zikikaribia kwisha mashine hukuarifu kwamba una njaa, baadaye kwamba umedhoofika, halafu unaanza kuzimia. Kupumzika ni hatua. Kupapasa ukuta kutafuta mlango wa siri ni hatua. Hivyo saa ya ukutani haina kazi, lakini saa ya tumbo haisimami, na chakula kingine kiko mbele, huko usikokujua.

Tena kuna dawa. Unaokota chupa ya rangi ya manjano; hujui ni ya kuponya au ya kupofusha mpaka uinywe. Jana ya manjano ilikuponya? Leo rangi zimechanganywa upya, na kumbukumbu ya jana haikusaidii.

Ukifa, mashine inakuchorea kaburi lenye jina lako, dhahabu uliyokusanya na jina la aliyekuua. Mwisho. Mchezo uliohifadhiwa ili uendelee kesho hufutwa pale pale unapoufungua, hivyo huwezi kurudi nyuma na kujifanya hukukosea. Wapo wanaouita ukatili. Wichman ameeleza miaka ya baadaye kwamba nia haikuwa kuwatesa watu, bali kufanya kila tendo liwe na matokeo yasiyofutika. Mimi nakubaliana naye. Chupa ile ya manjano ingekuwa na maana gani kama ungeweza kuitapika?

Mwaka 1983 Rogue ulisambazwa pamoja na mfumo wa kompyuta wa Berkeley, ukafika vyuo vingi, lakini siri ya maandishi yake haikutolewa. Basi walioupenda wakatunga ya kwao: Robert Koeneke kule Oklahoma akaandika Moria, Jay Fenlason akaandika Hack, ambao mwaka 1987 ulizaa NetHack. Wajapani waliuchukua mtindo huo wakaupeleka katika mashine za sebuleni. Rogue wenyewe ulipotiwa dukani haukuwatajirisha wenyewe.

Lengo la mchezo ni hirizi, Hirizi ya Yendor, iliyoko ghorofa ya 26 chini ya ardhi. Bila hirizi huwezi kupanda hata ngazi moja; njia imefungwa, ni kushuka tu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, watu wanne waliandika programu iliyoitwa Rog-O-Matic ili kompyuta icheze yenyewe, na mwaka 1984 iliwahi kuitwaa hirizi na kutoka nayo hadi juani. Si jambo dogo, kwa maana mashine haihifadhi ghorofa ulizopita. Aliyeshika hirizi akianza kupanda, kila ngazi humfikisha mahali palipochimbwa upya, vyumba vingine, vijia vingine, giza jingine, ghorofa moja baada ya nyingine, na tumbo lake linahesabu hatua.