Jean wa Pili: mfalme aliyejirudisha mwenyewe kifungoni

Juzi jamaa yangu katoka Bujumbura na noti za faranga mfukoni, akaniuliza: hivi hili jina faranga lilianzia wapi? Nikamwambia kaa nikusimulie, maana lilianza na mfalme aliyetekwa vitani, na wananchi wakabebeshwa mzigo wa kumkomboa.

KUZALIWA NA KUTAWAZWA
Jean alizaliwa 1319 mjini Le Mans, Ufaransa. Baba yake, Philippe wa Sita, alifariki Agosti 1350, na mwezi uliofuata Jean akatawazwa Reims. Alirithi nchi iliyochoka. Vita na Waingereza, ile iliyokuja kuitwa Vita ya Miaka Mia, ilikuwa imeanza 1337. Tauni ya 1348 nayo ilikuwa imeshafagia watu wengi ajabu. Hazina ikiwa tupu, Jean akawa anapunguza madini ya fedha ndani ya sarafu mara kwa mara. Yaani unauza mazao yako leo, kesho pesa ni zile zile lakini hazinunui kitu.

KUTEKWA POITIERS
Tarehe 19 Septemba 1356, karibu na mji wa Poitiers, alikutana na jeshi la Edward, mtoto wa mfalme wa Uingereza, yule anayeitwa Mwanamfalme Mweusi. Wafaransa walikuwa wengi zaidi, na bado wakapigwa vibaya. Wanawe wakubwa walitolewa uwanjani, Jean mwenyewe akabaki anapigana. Ubavuni alikuwa na mwanawe mdogo Philippe, kijana wa miaka 14 tu. Wote wawili wakakamatwa, wakapelekwa Bordeaux, kisha London mwaka 1357.

Msidhani alifungwa pingu. Mateka wa daraja lake aliishi kwenye jumba la kifahari, akiwinda na kula karamu. Huku nyumbani moto unawaka! Paris, kiongozi wa wafanyabiashara Étienne Marcel alimgomea mrithi wa kiti, Charles. Mwaka 1358 wakulima wa kaskazini wakaasi, na maasi yao yakazimwa kwa damu nyingi.

KUKOMBOLEWA NA FARANGA
Mkataba wa Brétigny wa 1360 ulipanga bei ya Jean: écu milioni 3 za dhahabu, pamoja na maeneo makubwa ya ardhi kusini magharibi. Akaachiwa baada ya kulipwa sehemu tu ya awamu ya kwanza, na watu wakubwa wakawekwa rehani, akiwemo mwanawe Louis.

Tarehe 5 Desemba 1360 aliamuru mambo mawili kwa mpigo: kodi mpya kwenye chumvi, mvinyo na bidhaa za sokoni, na sarafu mpya ya dhahabu yenye picha yake juu ya farasi. Ndiyo faranga ya kwanza. Wengine wanasema jina limetokana na maandishi yake ya Kilatini, "Francorum Rex", mfalme wa Wafaransa. Wengine wanasema ni kwa sababu neno "franc" lilimaanisha mtu huru. Ufaransa yenyewe iliacha faranga 2002 ikahamia euro, lakini Burundi, Rwanda na Kongo jina bado lipo.

KURUDI LONDON
Mwaka 1363 Louis, akiwa chini ya ulinzi Calais, alipata nafasi ya kwenda kumwona mkewe. Kaenda moja kwa moja, hakurudi! Baba akaona aibu, deni nalo limekwama. Januari 1364 akavuka bahari, akajisalimisha mwenyewe. Aliugua, akafia London tarehe 8 Aprili 1364. Maiti ilirudishwa kuzikwa Saint-Denis. Lile deni halikulipwa lote hadi leo.

Historia imembandika jina Jean Mwema. Mimi kwa kweli nampa heshima kwa kutunza neno lake, wakubwa wangapi wangerudi? Lakini nikimfikiria yule mama wa kijijini anayelipa kodi ya chumvi ili mfalme atoke kwenye karamu za London, wema wenyewe naona una walakini. Heshima ilikuwa yake, bili ilikuwa ya wengine.

Wadau mnasemaje, alikuwa mwema kweli au tunapambwa tu? Mwageni maoni hapo chini.