Tumbaku, Jembe na Ngoma katika Nchi ya Simiyu

Tumbaku si mmea wa asili ya Afrika. Wazungu waliiona kwa mara ya kwanza Amerika mwaka 1492, na kutoka huko ilivushwa bahari kwa merikebu zao, ikafika pwani, ikapanda bara, hata wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta imekwisha kuwa mali ya wenyeji, inalimwa, inakaushwa, inatwangwa na kufinyangwa mabumba, na kuuzwa pamoja na mtama na chumvi. Mwaka uliofuata Speke alimwacha mwenzake Kazeh, akashika njia ya kaskazini katikati ya nchi ya Wasukuma, na tarehe 3 Agosti 1858 akalitazama Ziwa Viktoria kutoka mahali palipo Mwanza sasa. Nchi aliyoiacha upande wa kuume wa njia yake, yenye mbuga za udongo mweusi, ng'ombe wengi na mto Simiyu unaoteremka kwenda ziwani, ndiyo iliyofanywa mkoa mwaka 2012, Bariadi ukiwa makao yake makuu. Mkoa ni mchanga; watu wake na ada zao ni wa kale.

Nataka kusimulia habari za ada mbili katika ada hizo, tumbaku na ngoma, kwa sababu nina yakini kwamba swali linalowashughulisha matabibu wa zama hizi, kama mazoezi ya mwili yaweza kumsaidia mtu kuacha kuvuta, halitajibiwa sawasawa katika Simiyu mpaka historia ya ada hizo mbili iwekwe mbele ya macho.

Burton aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya iwanza, nyumba ya wanaume katika vijiji vya Unyamwezi, ambamo wanaume walikaa mchana wakizungumza, wakifanya kazi ndogo za mikono na kuvuta kiko. Wasukuma ni ndugu wa Wanyamwezi kwa lugha na kwa mila, na kwao pia tumbaku ilikuwa kitu cha baraza: kiko kwa wazee wa kiume, ugoro kwa wazee wa jinsia zote mbili, na bumba dogo kwa mgeni aliyetoka mbali. Haikuwa alama ya uvivu. Mpagazi wa Kisukuma aliyebeba pembe au nguo kutoka bara hadi pwani, mzigo begani na jua utosini, alikuwa mtu wa kazi kupita wengi tunaowaita wanariadha leo, na msafara uliposimama naye alitua mzigo, akaketi, akatafuta kiko. Jambo hili nitalirudia, kwa kuwa ndilo kizuizi kikubwa cha hoja yangu.

Ila kiko kilikuwa na adabu yake. Kilihitaji kaa la moto, nafasi ya kukaa na mtu wa kuzungumza naye, na kwa hiyo hakikuweza kumfuata mwenyewe shambani na machungani kutwa nzima. Sigara iliondoa masharti hayo yote. Ilikuja kwa nguvu katika nchi ya Wasukuma pamoja na fedha ya pamba, katika miaka ambayo wakulima walijiunga katika vyama vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani na kuunda, mwaka 1955, shirikisho la vyama vya pamba lililotajwa kuwa miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika. Mkulima aliyekwisha kupimiwa pamba yake alitoka ghalani na fedha taslimu. Dukani palikuwa na baiskeli, kanga, taa ya chemli, na juu ya rafu, pakiti za sigara. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kampuni ya sigara ikaanzishwa Dar es Salaam, na mwaka 1975 ikataifishwa. Tangu hapo hata yule asiyeweza kununua pakiti aliuziwa sigara moja moja, kama anavyouziwa hata leo: mwenye duka hufungua pakiti, huisimamisha karibu na dirisha la wavu, kiberiti kando yake, na mteja hutoa sarafu, huwasha palepale, huondoka bila kukaa. Dakika tano zimekwisha, na baada ya saa moja atarudi. Naamini kuwa mabadiliko haya, kutoka tumbaku ya baraza hadi tumbaku ya njiani, yaliwadhuru watu zaidi ya ongezeko lolote la mashamba ya tumbaku.

Serikali ya Uhuru haikuwa imelala katika mambo ya siha. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kwa majuma kumi na mawili habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ni kazi ya kuheshimiwa, na hadi leo sijaona ya kuizidi. Lakini tumbaku haikuwamo katika orodha ile. Zao lilikuwa likiingiza fedha za kigeni, kiwanda kilikuwa kikilipa kodi, na sigara ilijipenyeza hata katika michezo: Dar es Salaam ilikuwa na timu ya kandanda yenye jina la Sigara, chini ya kiwanda chenyewe, iliyocheza ligi ya taifa mbele ya vijana waliokuja uwanjani kuwaiga wachezaji. Sheria ya kuzuia uvutaji katika mahali pa hadhara ilipitishwa mwaka 2003, na mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ukaridhiwa na Tanzania mwaka 2007. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa watu wazima asilimia 8.7 walikuwa wakitumia tumbaku: wanaume asilimia 14.6, wanawake asilimia 3.2.

Sasa tutoke Simiyu kidogo. Katika London, mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa ushahidi ulioufunga uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Na miaka mitatu baadaye, katika mji uleule, Jerry Morris alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa kutwa, na makondakta wao, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, akaona kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Elimu hizi mbili, moja ya madhara ya moshi na moja ya fadhila za mwendo, zilizaliwa jirani lakini zilikua kila moja kwa njia yake, na ilichukua muda mrefu kabla mtu hajazikutanisha kwa kuuliza kama ya pili yaweza kumtibu mgonjwa wa ya kwanza. Jaribio mashuhuri ni la Bess Marcus na wenzake huko Marekani, lililochapishwa mwaka 1999: wanawake 281 waliokuwa wakivuta walifundishwa namna ya kuacha, na sehemu yao wakaongezewa mazoezi mazito mara tatu kwa juma kwa majuma kumi na mawili. Mafunzo yalipokwisha, asilimia 19.4 ya waliofanya mazoezi walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 10.2 ya wenzao. Baada ya mwaka walibaki asilimia 11.9 dhidi ya 5.4.

Matumaini yale hayakuthibitika kila mahali. Mwaka 2019 Michael Ussher na wenzake walizipitia tafiti 24 zenye watu zaidi ya 7,000, wakahukumu kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa mazoezi yakiongezwa juu ya ushauri wa kawaida huzidisha idadi ya watu walioacha kwa miezi sita au zaidi. Asiyelisema hili wazi anawadanganya wagonjwa. Lakini kuna upande mwingine ambao umethibiti mara nyingi: mwendo wa haraka wa dakika tano hadi kumi na tano hupunguza uchu wa sigara wakati uleule unapofanywa, na nafuu yake huendelea muda fulani baadaye. Na uchu wenyewe, hususa katika majuma mawili au matatu ya kwanza ambayo ndiyo makali kupita yote, hauji kama mvua ya masika isiyokatika. Huja kwa mapigo, kila pigo dakika chache, kisha hupita.

Hapa ndipo kizuizi nilichokitaja kinaposimama. Kama kazi ya mwili ingekuwa dawa ya tumbaku, je, mkulima wa wilaya ya Itilima, huko Simiyu, aliyeshika jembe tangu alfajiri angekuwa mvutaji? Na mpagazi wa zamani je? Jibu langu ni kwamba kazi haijawahi kumwachisha mtu tumbaku kwa sababu tumbaku haikuingia wakati wa kazi. Iliingia wakati wa kupumzika, ikajifanya ndiyo mapumziko yenyewe, mwisho wa tuta, chini ya mti, mgongo ulipokuwa umechoka na mikono haina shughuli. Kumwongezea mtu huyo jasho hakumfai kitu. Linalomfaa ni mwendo mfupi uliowekwa mahali pa sigara, katika dakika zilezile ambazo mkono ungekwenda mfukoni, na kumpata mwenzake wa kuondoka naye. Wakati na wenzi ni vitu viwili ambavyo majaribio ya majuma kumi na mawili, katika kumbi za mazoezi za miji ya ugenini, aghalabu hayakuweza kuvidumisha baada ya mwalimu kufunga mlango. Nchi ya Wasukuma ilivijua vyote viwili.

Vijana wa kijiji cha Kisukuma walikuwa na elika, chama cha kulima kwa zamu katika mashamba ya watu, chini ya mkubwa wao aliyeitwa nsumba ntale, na kulima kwao kulikuwa na ngoma. Bugobogobo imetoka humo. Wachezaji husimama safu moja, jembe mkononi, ngoma kubwa ikaanza kwa pigo zito. Majembe huinuka pamoja na kushuka pamoja, mguu wa kuume ukikanyaga pale chuma kinapogusa udongo. Kisha, mpigaji anapobadili mwendo, jembe hurushwa hewani, huzunguka, hudakwa kwa mpini kabla pigo halijapita, na mgongo unainama tena. Mtu akikosa pigo moja, safu nzima yamwona. Pumzi ndiyo mtaji wa mchezo huu, na mwenye kifua kilichojaa moshi hujulikana kabla ya mzunguko wa tatu kwisha, wala hahitaji daktari kumweleza.

Juu ya vikundi hivi vilisimama vyama viwili vikubwa, Wagika na Wagalu, vilivyotokana na Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya kumi na tisa ambao ushindani wao ulirithiwa na wafuasi wao hata leo. Washindani hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement alijenga kanisa na makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo yalifungamana na sikukuu ya Ekaristi, nayo yakaitwa Bulabo. Bariadi nayo, mwishoni mwa miaka ya 2010, ilikuwa na tamasha lililokutanisha mashindano ya baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu, na ile baiskeli iliyonunuliwa na babu kwa fedha ya pamba ikawa chombo cha mashindano.

Sidai kwamba wachezaji wa ngoma hawavuti. Wapo wanaovuta, na kando ya uwanja wauza sigara hawakosekani. Ninachodai ni kwamba chama cha ngoma kina uwezo ambao zahanati haina: kina mazoezi ya jioni yasiyokwisha baada ya majuma kumi na mawili, kina wakubwa wanaosikilizwa, kina aibu ya kumwangusha mwenzako mbele ya Wagalu au Wagika, na hakihitaji dawa za kuchukua nafasi ya nikotini ambazo si rahisi kupatikana kijijini. Mwezi wa Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, alipokuwa Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Agizo lilikuwa jema, na watumishi wa ofisi waliliitika. Lakini mvutaji wa Bariadi anahitaji kitu kinachomfika kila siku, magharibi, saa ambayo sigara ya mwisho wa kazi ingewashwa.

Kuna suala la majira pia. Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ni tarehe 31 Mei. Katika Simiyu siku hiyo huangukia wakati pamba inapoanza kuuzwa na fedha kuingia mifukoni, hatari kubwa kwa mtu aliyezoea kuvuta. Na huangukia pia mlangoni mwa majira ya ngoma, ambayo hupamba moto baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti. Mtu akiacha siku ile, majuma yake makali yatakutana na mazoezi ya chama chake. Ningependa waganga wa wilaya zote tano za Simiyu waende kwa viongozi wa ngoma mwezi wa Aprili, kabla ya mizani ya pamba kufunguliwa, wakubaliane nao mambo machache: kwamba mapumziko ya mazoezi yawe ya maji na maneno, pasipo moshi, kwamba kila anayeacha apewe mwenzi wa kuondoka naye kwa miguu uchu unapompiga, hata kama ni kuuzunguka uwanja mara mbili, na kwamba wenye kikohozi cha siku nyingi, maumivu ya kifua au pumzi fupi wapimwe kwanza katika kituo cha afya, kabla ya kurusha jembe.