Kashikishi, Parokia ya Wavuka Ziwa

Historia ya kanisa Katoliki la Kashikishi, wilayani Nchelenge, haisimuliki bila kuanzia majini. Ziwa Mweru lina wenyewe wawili, Zambia na Kongo. Mwaka 1894 Uingereza ilikubaliana na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mtawala wa Kongo wakati huo, kuhusu mpaka, na mstari ukapindishwa ili kisiwa cha Kilwa (si Kilwa yetu ya pwani) kibaki kwa Waingereza. Wavuvi hawakuulizwa. Wakaendelea kuvuka, kuoa na kuzikana ng'ambo zote mbili.

Waprotestanti walitangulia jirani, Mbereshi, mwaka 1900. Wakatoliki wa ukanda huu ni matunda ya Mapadre Weupe, walioanzia Kayambi mwaka 1895 na kukifanya Kibemba lugha ya katekisimu. Vikarieti ya Fort Rosebery, ambamo Kashikishi imo, ilizaliwa 1952 chini ya Askofu René-Georges Pailloux, ikawa jimbo 1961, na tangu 1967 inaitwa Mansa.

Tarehe hizo ni za ofisini. Kalenda ya waumini ni samaki. Usiku wa giza mitumbwi hutoka na taa kuvua chisense, visamaki vidogo jamii ya dagaa, na asubuhi huanikwa mchangani, harufu ikitangulia kila anayeshuka basi. Serikali hufunga uvuvi kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Kwa hiyo Noeli huwakuta watu hawa nyavu zikiwa juu na mifuko mitupu. Padri mgeni anayetaka mchango mkubwa wa sikukuu angeuliza kwanza.

Kwa maoni yangu, kazi kubwa ya misheni hapa ni hospitali ya Mtakatifu Paulo kuliko mnara wowote. Nchelenge ni kati ya wilaya zinazoteswa zaidi na malaria nchini Zambia, na mbu wa mwambao hana dini. Wapo wagonjwa wanaotoka visiwani, ambako safari ya kwenda kwa daktari huanza kwa kungoja upepo utulie.

Tangu Agosti 2017 ziwa na nchi kavu vilileta wengine: Wakongo waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa Kenani, kisha mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, humo humo wilayani. Wengi walifika na Kiswahili chao cha Katanga, na Ukatoliki wao pia, uliobatizwa ng'ambo.