Mikunga ya Ely na Ardhi Iliyoitwa ya Bure

Mlioko Uingereza mkipanda treni ya London kwenda King's Lynn, mkishapita Cambridge mtaona tambarare nyeusi isiyo na kilima, na mifereji iliyonyooka kama rula. Hapo panaitwa Fens. Mandhari hiyo ni kazi ya mikono ya watu. Miaka 400 iliyopita palikuwa na vinamasi vya takriban kilomita za mraba 4,000, na wakazi wake waliishi maisha ambayo Mrufiji angeyatambua bila mkalimani.

Mji wa Ely umepata jina lake kwa mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mtawa Bede aliandika hivyo mwaka 731. Mikunga ilikuwa kitoweo, tena ilikuwa fedha: kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 kinataja kodi zilizolipwa kwa maelfu ya mikunga. Waliitega kwa migono ya kusuka na kuichoma kwa mikuki yenye meno bapa. Walisafiri kwa mitumbwi ya kusukuma kwa upondo, na penye tope walivuka kwa mironjo. Majira ya baridi waliwinda bata mwitu. Kiangazi, maji yakipungua, walilisha ng'ombe kwenye majani yaliyorutubishwa na mafuriko, wakakata matete ya kuezekea, wakachimba mboji na kuikausha iwe kuni. Asiye na shamba naye alikuwa na haki yake katika mbuga ya wote.

Hatusemi ilikuwa pepo. Malaria iliwatesa, na dawa yao ilikuwa chai ya mpopi, mmea uleule utoao afyuni. Lakini njaa haikuwa rahisi kuwapata.

Wenye fedha waliiona mbuga hiyo kuwa ardhi ya bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1630, Earl wa Bedford na matajiri wenzake walikubaliana kuikausha, na malipo yao yawe ekari 95,000 za ardhi hiyo hiyo. Mhandisi wao alikuwa Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Mfereji wao mkubwa wa kwanza, wa kilomita 34, ulikamilika mwaka 1637. Wanavijiji walivunja kingo na kufukia mitaro. Inasemekana kwamba Oliver Cromwell, aliyekuwa mkazi wa Ely, aliwatetea. Lakini mwaka 1649 Bunge ambalo yeye alikuwa kigogo wake lilipitisha sheria ya kuendeleza kazi hiyo, na mateka wa vita wa Kiskoti na Kiholanzi wakatumwa kuchimba. Machozi ya samaki huenda na maji.

Matajiri wakapata mashamba, na hadi leo ni miongoni mwa yenye rutuba kuliko yote Uingereza. Ila mboji ikikauka hunywea. Ardhi ikashuka chini kuliko mito, ikabidi maji yavutwe kwa vinu vya upepo, kisha kwa mvuke, na sasa kwa pampu za kisasa. Huko Holme, mwaka 1851, nguzo ya chuma ilizikwa hadi ncha yake ikalingana na ardhi. Leo imesimama wazi takriban mita 4.

Kwetu nako, miaka ya 1990, ulitolewa mpango wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji. Wanavijiji waliupinga, na haukujengwa. Ndiyo maana historia hii inatuhusu. Tukisikia mahali panaitwa ardhi ya bure, tuulize kwanza ni bure kwa nani, na nani alikuwa akila hapo jana.

Waingereza wenyewe wameanza kurudisha maji: mradi wa Great Fen ulianzishwa mwaka 2001. Lakini mkunga wa Ulaya tangu mwaka 2008 umo katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka.