Madeni ya Wanandoa Baada ya Talaka: Nani Hulipa?

Talaka huvunja ndoa. Haivunji mkataba wa mkopo. Jambo hili huwashtua wengi pale barua ya benki inapowafikia miezi kadhaa baada ya hukumu, ikidai fedha ambazo waliamini ni mzigo wa mwenza wa zamani.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa suala hili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika mgawanyo huo mahakama huzingatia mila za jamii ya wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na pia madeni ambayo mmoja wao aliyachukua kwa manufaa ya wote wawili. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye mkataba si jambo pekee linaloangaliwa. Huangaliwa pia fedha zilimnufaisha nani. Mke aliyekopa SACCOS kwa jina lake ili kuezeka nyumba ya familia anaweza kuomba deni hilo lihesabiwe. Mume aliyekopa kwa siri kwa starehe zake atapata shida kumtwisha mwenzake sehemu ya deni hilo.

Mkopeshaji, hata hivyo, hutazama mkataba wake. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, walioahidi kwa pamoja kulipa wanaweza kudaiwa deni lote, yeyote kati yao, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Tuseme wawili walikopa pamoja shilingi milioni 12, na mahakama ya ndoa ikaamuru mume alipe salio. Asipolipa, benki bado inaweza kumfuata mke. Akilipa, naye atakuwa na haki ya kumdai mume kwa kutumia amri ile. Haki ipo, lakini kuifuatilia ni safari nyingine ya mahakamani. Mdhamini naye haondolewi na talaka.

Nyumba ya ndoa ina ulinzi wake. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa bado ipo, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Inafaa kutofautisha: aliyesaini ridhaa peke yake hajawa mkopaji, ila nyumba yenyewe inaweza kuuzwa deni lisipolipwa.

Shauri la talaka kwa kawaida hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, kisha hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Wengi huteleza hapa: hutaja viwanja na magari, madeni wakayaacha. Mwombaji aambatishe mkataba wa mkopo, taarifa ya salio na stakabadhi zinazoonyesha fedha zilitumikaje. Anayetaka jina lake liondolewe kwenye mkopo wa pamoja amwandikie mkopeshaji, ambaye anaweza kukubali, kukataa au kutaka dhamana mpya. Hadi atakapokubali kwa maandishi, mkopaji huyo anaendelea kuwajibika kama awali.