Sanduku Moja la Barua, Nyumba Nyingi

Zamani kidogo, kabla simu za mkononi hazijaenea, mtu wa kijijini katika sehemu za Kakamega aliyetaka kuandikiwa barua hakuwa na anwani ya nyumba yake. Nyumba zetu hazikuwa na namba, wala tarishi hakupita mlangoni. Alitaja jina lake, kisha jina la shule au kanisa lililo karibu, na namba ya sanduku la posta la mahali pale. Barua za watu wengi ziliingia katika sanduku moja, zikachukuliwa na mjumbe mmoja, ndipo zikagawiwa, kila barua kwa mwenyewe. Mwanafunzi aliyeielewa desturi hii amekwisha kupata nusu ya maarifa yanayotakiwa ili ajue jinsi nyumba yenye kompyuta nne inavyotumia njia moja ya intaneti. Nusu ya pili ni historia.

Kupeleka maneno kwa waya si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nguzo za simu zikafuatana nayo, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kutoka Kisumu mpaka Kakamega ni mwendo wa kilomita 50 hivi, lakini reli ile haikupanda kuja kwetu. Msomaji na alishike jambo hili, maana atalikuta tena: chombo kipya cha habari hufika kwanza bandarini, kisha hufuata njia kuu, na watu wa pembeni hungoja zamu yao.

Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, na maneno ya Kenya yakaanza kupita angani. Intaneti ilipotufikia katikati ya miaka ya 1990 ilitegemea setilaiti hizo, nayo ilikuwa ghali mno. Miongoni mwa waliotangulia kuiuza ni Africa Online, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1994 na vijana Wakenya waliokuwa wamesoma Marekani. Mteja aliunganisha kompyuta yake na waya wa simu kwa modemu, na muda wote alipokuwa akisoma barua zake, simu ya nyumba haikuweza kupigwa wala kupokewa. Si ajabu basi kwamba watu wengi waliijua intaneti kwanza katika saiba za mjini, wakilipa kwa dakika, jicho moja katika barua na jingine katika saa.

Saiba ile ilikuwa na mstari mmoja na kompyuta kumi. Ziliwezaje kushirikiana? Itifaki ambayo mitandao ilianza kuitumia tarehe 1 Januari 1983 inahitaji kila mashine iwe na anwani yake ya namba, na anwani zinazowezekana ni 4,294,967,296. Wakati ule idadi hiyo ilionekana kubwa kupita kiasi. Leo watu wa dunia wamepita bilioni 8, na wengi wana mashine zaidi ya moja. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Egevang na Francis, walichapisha njia ya kuponya upungufu huo, na mwaka 1996 mafungu fulani ya anwani, kama yale yanayoanza na 192.168, yakathibitishwa kuwa ya matumizi ya ndani tu. Anwani hizo ni kama majina ya watu wa kijijini: zaweza kurudiwa katika nyumba milioni bila kugongana, kwa sababu hazitoki nje. Ruta ndiyo yenye sanduku la posta. Kompyuta inapotaka habari, ruta huipeleka haja hiyo kwa anwani yake yenyewe, nayo huandika katika daftari lake ni nani aliyetuma. Jibu likirudi, hutazama daftari na kulikabidhi kwa mwenyewe.

Hapo ndipo ufundi ulipokwisha kuwa tayari, lakini ufundi peke yake haufungui milango. Katika miaka ile barua iliyotumwa na mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda mpaka setilaiti, kama kilomita 36,000 juu, ikashuka Marekani au Ulaya, kisha ikarudi kwa njia ile ile, na safari yote ililipiwa fedha za kigeni. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni hizo zilifungua mahali pa kubadilishana habari zao papo hapo mjini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya nje, ilishtaki, na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano ikapafunga mahali pale. Palifunguliwa tena mwezi wa Februari 2002. Kwa maoni yangu hakuna kisa katika historia hii kinachostahili kufikiriwa zaidi: majirani wawili walikatazwa kupeana habari juu ya ua, ili mwenye barabara ndefu asikose ushuru wake.

Mikongo ya baharini iliyofika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, ilileta nafuu kubwa. Nayo waifai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997, iliondoa haja ya kutoboa kuta ili kupitisha waya kila chumba.

Walakini zamu ya watu wa pembeni ilikuwa bado. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Nyumba iliyokuwa na ruta iliendelea kusoma. Iliyokuwa haina, mtoto wake alichunga ng'ombe. Mwezi wa Julai mwaka ule maputo ya kampuni ya Loon yalianza kutoa intaneti kutoka kilomita 20 hivi angani, na Kakamega ilitajwa miongoni mwa sehemu zilizohudumiwa. Januari iliyofuata kampuni ilitangaza kwamba inafunga kazi yake. Zaidi yaliwafaa wanafunzi majirani waliowapa neno la siri la waifai yao, wakakaa vibarazani na simu moja kwa watoto watatu. Ni kweli kwamba njia moja ikigawanywa kwa wengi mwendo hupungua, na kwamba anayewauzia wengine intaneti bila leseni avunja sheria. Lakini kumkaribisha mtoto wa jirani barazani si biashara.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika ya Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Kukatika huko hakugusa mitandao ya ndani ya nyumba. Kompyuta mbili za nyumba moja ziliweza kupeana faili kama kawaida, na barua ya Mkenya kwa Mkenya, iliyopita pale palipofungwa mwaka 2000, haikuhitaji kuvuka bahari.