Ukubwa wa Fedha si Sababu ya Kunyima Dhamana: Kesi za Ankara Hewa nchini India

Chini ya sheria ya kodi ya bidhaa na huduma ya India ya mwaka 2017, mfanyabiashara hukata kodi aliyolipa kwenye manunuzi kutoka kwenye ile anayodaiwa kwa mauzo yake. Nafuu hii ndiyo inayoviziwa na wadanganyifu. Husajili kampuni hewa, wakatoa ankara za mizigo ambayo haikuwahi kupakiwa kwenye lori lolote, kisha mnunuzi wa mwisho akadai nafuu ya kodi ambayo hakuna aliyeilipa. Kiasi kikizidi rupia milioni 50, kifungu cha 132 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka 5, na dhamana huachwa kwenye hiari ya mahakama. Hoja yangu ni kwamba hiari hiyo imetumiwa vibaya kila ukubwa wa fedha ulipogeuzwa kuwa sababu ya kumweka mtu mahabusu.

Waendesha mashtaka hupenda kuegemea uamuzi wa 2013 katika shauri la Y. S. Jagan Mohan Reddy, ambamo Mahakama ya Juu ilisema makosa ya kiuchumi ni kundi la pekee. Lakini mwaka 2019, ilipompa dhamana waziri wa zamani wa fedha P. Chidambaram, mahakama hiyohiyo ilieleza kuwa uzito wa tuhuma hauzai kanuni ya kunyima dhamana kila mara. Aprili 2025 ikaenda mbali zaidi: mshtakiwa wa kifungu cha 132 alikuwa amekaa ndani karibu miezi 7, na majaji wakashangaa kwamba mahakama zote za chini, pamoja na Mahakama Kuu, zilimkatalia. Walikuwa na haki ya kushangaa. Adhabu ya juu ikiwa miaka 5, kila mwezi wa mahabusu ni kifungo kinachotumikiwa kabla ya hukumu.

Tena ushahidi wa makosa haya ni nyaraka: ankara, ritani zilizowasilishwa kwenye mfumo wa serikali, taarifa za benki. Wapelelezi wakishazichukua, mshtakiwa hana tena cha kuchoma.

Upande wa serikali una hoja moja nzito, na haifai kupuuzwa. Kampuni hewa nyingi husajiliwa kwa vitambulisho vya watu maskini, vibarua wasiojua kwamba majina yao yanauza chuma na saruji kwenye makaratasi. Hao ndio mashahidi wa kueleza nani alichukua vitambulisho vyao, na mwenye fedha anaweza kuwanunua au kuwatisha. Palipo na dalili halisi ya vitisho, dhamana ikataliwe. Pasipokuwepo, yapo masharti: kusalimisha pasipoti, kuripoti kituoni, kutowakaribia mashahidi.

Sharti ninalolipinga ni la kuweka amana ya sehemu ya kodi inayodaiwa. Linaifanya mahakama ya jinai kuwa mkusanya madeni kabla deni lenyewe halijathibitishwa. Februari 2025 Mahakama ya Juu ilionya kwamba maofisa wa kodi hawana ruhusa ya kutumia tishio la kukamata ili kulazimisha malipo. Kama ofisa hana ruhusa hiyo, hakimu anaipata wapi? Wasomaji wa Tanzania wanalifahamu tatizo hili, kwani sheria ya uhujumu uchumi imekuwa ikimtaka mshtakiwa aweke nusu ya thamani ya mali inayobishaniwa. Matokeo yake ni mabaya kotekote: tajiri aliyepanga udanganyifu hutoka, karani aliyeandika ankara hubaki ndani.

Hakimu anayekataa dhamana aandike ni shahidi yupi yuko hatarini, ni ushahidi upi haujakusanywa, na kwa nini masharti hayatoshi. Asipoweza kuyajibu hayo, amwachie mshtakiwa kwa dhamana.